Taima ya jikoni ya kuzungusha: dawa ya ajizi, si ya uvivu

Ile taima ya plastiki yenye umbo la nyanya au yai, inayokaa kwenye maduka ya vyombo karibu na mizani na vijiko vya kupimia, ilitengenezwa kwa ajili ya mapishi. Kazi yake ya pili ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980, pale mwanafunzi mmoja wa Italia, Francesco Cirillo, alipochukua taima ya umbo la nyanya ili ajibane asome. Mbinu aliyoijenga juu yake, ya kufanya kazi kwa vipande vya dakika 25, akaiita pomodoro, ambalo ni neno la Kitaliano la nyanya. Tunaipima hapa kwa kazi hiyo ya pili, na vipimo tunavyotumia ni vya watu walioujua uvivu vizuri kuliko wauza taima.

Mwenye haraka achukue jibu hili: kama unachoshindwa ni kuanza, inunue. Kama hutaki kazi yenyewe, itakusaidia kuchemsha mayai tu.

Ndani hakuna betri. Ukizungusha kichwa unakaza springi. Springi inasukuma magurudumu ya meno. Na kipande kidogo kinachotikisika huku na huku kinayaachia jino moja moja. Huko ndiko unakotoka ule mlio wa tiki-tiki. Nguvu ya kupiga kengele nayo inatoka kwenye springi, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Ukitaka dakika 10 ukazungusha hadi 10 basi, springi haijakazwa vya kutosha, na kengele italia kwa unyonge au isilie kabisa. Zungusha kwanza hadi karibu na 60, kisha rudisha taratibu hadi dakika unazotaka. Ukiona inakaza wakati wa kurudisha, usilazimishe.

Usiitegemee kwa usahihi wa sekunde. Chukua taima yenye kipenyo cha sentimita 6: mzingo wake ni kama milimita 188, kwa hiyo dakika nzima imepewa milimita 3 hivi. Kidole kikiteleza kidogo, umeongeza au umepunguza dakika. Kwa dakika 25 hilo halidhuru. Kwa yai la kiini laini linadhuru.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili. Katika dua mashuhuri ya Mtume Muhammad kinga inaombwa dhidi ya ‘ajz na pia dhidi ya kasal, kila moja kwa jina lake: kushindwa ni jambo moja, uvivu ni jingine. Lile la kwanza ndilo lililotupa ajizi, na wahenga wakalijengea nyumba: ajizi ni nyumba ya njaa. Mwenye ajizi anaitaka kazi. Ameshanunua daftari, kalamu amechonga, anasema “nakuja sasa hivi” na kweli anakusudia kuja. Mtu huyo taima inamfaa sana, kwa kuwa haimwombi amalize chochote, inamwomba dakika 25 tu. Mvivu wa kasal ni habari nyingine. Kengele italia, naye atanyoosha mkono aizime, ageukie upande wa pili kama mlango kwenye bawaba zake, picha ambayo Kitabu cha Mithali kilishaichora.

Kuna aina ya tatu, na ndiyo inayowapata wengi wanaokaa mbele ya kompyuta. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi jangwani Misri na kufa mwaka 399, aliiweka katika orodha yake ya mawazo manane mabaya na kuiita akedia, yaani uchovu wa moyo. Huyu ni pepo, alisema, anayemvamia mtawa saa nne na kumzingira hadi saa nane. Msomaji wa Kiingereza huhitaji maelezo ya pembeni hapo. Sisi hatuhitaji, kwani watu wa kale walihesabu saa tangu jua linapochomoza, kama tufanyavyo mpaka leo. Saa nne ni saa nne, muda wa chai. Jua linaonekana limesimama, siku inakuwa na saa hamsini. Mtawa anachungulia dirishani, anatoka nje kutazama jua limebakiza nini kufika saa tisa, muda wa kula, kisha anaangaza huku na huku kama kuna ndugu anayekuja wamalize siku kwa maneno. Badilisha dirisha uweke simu, umeipata ofisi yoyote.

Mtu wa namna hiyo hakulala. Anahangaika. Papa Gregori Mkuu alipoipanga upya orodha mwishoni mwa karne ya 6 na kubakiza saba, zile zilizokuja kuitwa dhambi kuu saba, akedia iliingizwa ndani ya huzuni; baadaye ikarudi kwa jina la uvivu, na tangu hapo mtu mwenye moyo uliochoka ameonekana kama aliyekosa viboko. Dante, mshairi wa Italia, naye aliwaweka wavivu kwenye ngazi ya nne ya mlima wa toharani, na adhabu yao ni kukimbia bila kusimama. Taima inamsaidia mgonjwa wa akedia, ila kwa sharti moja: uso wa namba usimwelekee. Ukiuona unasogea milimita 3 kwa dakika, umekuwa yule mtawa anayetazama jua. Iweke mbali kidogo na mkono, namba zikitazama ukuta.

Matumizi yenyewe ni haya. Andika kwenye karatasi kazi moja iliyokatwa ndogo. “Ripoti” ni kubwa mno. “Fungua faili, andika aya ya kwanza” inatosha. Kaza hadi 60, rudisha hadi 25. Wazo likija katikati (bili ya umeme, ujumbe wa shemeji), liandike pembeni, endelea. Kengele ikilia simama, dakika 5, na si za simu. Baada ya mizunguko minne pumzika dakika 15 hadi 30. Mzunguko ukikatizwa kabisa hauhesabiwi, unaanza upya. Sheria hii ni ya Cirillo mwenyewe na watu wanaichukia, ilhali ndiyo inayokufundisha kufunga mlango.

Kwa nini usitumie taima ya simu? Kwa sababu ili kuiwasha unapita mbele ya kila kitu unachokikimbia.

Kasoro zipo. Kengele hulia sekunde chache tu, ukiwa chumba cha pili umeikosa. Tiki-tiki inawaudhi wa meza ya jirani. Kitambaa kilichokunjwa mara mbili chini yake kinapunguza, hakimalizi. Unga, mvuke na mafuta vikiingia kwenye meno ya magurudumu inaanza kusimama njiani, kwa hiyo iliyoko jikoni usiihamishie mezani, nunua ya pili. Na haimsaidii mtu mwenye wa kumtuma. Oblomov, yule bwana wa riwaya ya Ivan Goncharov ya 1859, humwagiza mtumishi wake Zakhar amwamshe, halafu wakati ukifika anamfukuza. Taima ya chuma na plastiki haigombani na bwana wake, inanyamaza.

Kwa dhambi nyingine tusiipe sifa kubwa. Ulafi: dakika 20 kabla ya sahani ya pili ni wazo zuri, maana tumbo huchelewa kuleta habari. Hasira: dakika 10 kabla ya kujibu ujumbe, inafanya kazi ajabu. Kijicho na tamaa ya mali hazina dakika. Kiburi ndicho cha kuangalia, kwa sababu taima inakizaa. Baada ya wiki mbili mtu anaanza kuhesabu nyanya zake, anawatangazia wenzake “leo nimefanya kumi na mbili”, na aya ya kwanza bado mbovu.

Dukani usinunue ikiwa ndani ya pakiti. Omba ifunguliwe, kaza hadi 60, isikilize ikiwa imesimama, imelala ubavu, na imepinduliwa. Mlio uwe sawasawa pande zote tatu. Ukibadilika au kukatika, huenda iliwahi kuanguka. Kisha rudisha hadi dakika 2 na usubiri kengele. Muuzaji akisema hana muda wa dakika mbili, jaribu duka linalofuata.