ATM au Etaneti: ipi ibebe sauti, video na data?

Mtandao wa ATM (Asynchronous Transfer Mode, mbinu ya kusafirisha data, si mashine ya fedha) hukata simu, video na faili kuwa seli za baiti 53: 48 za mzigo, 5 za kichwa (maelezo ya njia ya seli). Seli zikilingana hivyo, sauti haikwami nyuma ya faili kubwa, na kila mkondo unaweza kutengewa nafasi yake mapema. Kwenye laini za kasi ndogo, hapa ATM inashinda waziwazi.

Etaneti, mtandao wa kebo uliozoeleka maofisini, hubeba hadi baiti 1500 kwa fremu (pakiti) moja, na kwa gigabiti 1 kwa sekunde fremu hiyo hupita kwa mikrosekunde 12 hivi, kwa hiyo sauti haingoji sana nyuma yake. Vifaa ni vya bei nafuu, mafundi wanapatikana.

Una ADSL (intaneti ya laini ya simu) inayopita juu ya ATM na inafanya kazi? Iache. Ofisi mpya ifungie Etaneti, lakini tafadhali ipe sauti kipaumbele kwenye swichi, yaani kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao.