Sanduku la karatasi za picha: la mbao au boksi lake la dukani?

Karatasi za picha huharibika zikipigwa na mwanga kabla ya kusafishwa. Kwa anayesafisha picha nyumbani, yaani kuzitoa kwa dawa kwenye chumba cha giza, boksi la dukani pamoja na mfuko wake mweusi havigharimu chochote cha ziada, na mwanga haupenyi. Tatizo ni mikono. Kila picha unafungua, unakunjua mfuko, unatoa karatasi moja, unakunja tena, na vidole vina maji ya dawa. Mfuko ukichakaa kwenye mikunjo, mwanga unaingia bila wewe kujua.

Sanduku la plaiwudi linashinda hapo: unainua kifuniko, unachukua, kinajifunga chenyewe. Kwa karatasi za sentimita 20 kwa 25, ndani liache nafasi kidogo zaidi ili zisikwame. Siri iko kwenye kifuniko. Kisikae juu tu. Kiwe na kingo zinazoshuka nje ya kuta, kwa sababu mwanga hauwezi kupinda kona mbili zilizopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Lakini linataka fundi makini, na rangi ikauke mpaka harufu iishe, maana mvuke wake unaweza kuharibu karatasi.

Lipime hivi: weka karatasi moja na sarafu juu yake, funga, liache juani saa nzima, kisha isafishe karatasi. Umbo la sarafu likionekana, sanduku linavuja mwanga.

Ukichapa picha chache kwa mwezi, baki na boksi. Ukichapa kila wiki, ninakusihi utengeneze sanduku, ila akiba ya muda mrefu ibaki kwenye mfuko wake.