Swichi mbili tu, au uti wa mgongo na majani?
Tangu kebo za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zitue Mombasa mwaka 2009, wenye raki (kabati za seva) mbili tatu wamezidi mjini, na swali lao ni lilelile: seva waziunganishe vipi kwa swichi, yaani vifaa vya kugawa mtandao?

Mtandao kamili wa uti na majani, uliotokana na hesabu za Charles Clos za mwaka 1953, huunganisha kila swichi ya jani (inayochomekwa seva) na kila swichi ya uti (inayounganisha majani). Majani 4 na uti 4 ni kebo 16, na hujachomeka seva hata moja! Raha yake: uti mmoja ukifa, robo tu ya njia imepotea. Ukitaka kukua, ongeza jani.

Muundo uliokunjwa huzibebesha swichi mbili kazi zote, ya uti na ya jani. Kila seva ina waya mmoja huku, mmoja kule. Vifaa vichache, umeme kidogo, na joto la Machi mnalijua, kiyoyozi hakipumui. Ila poti (matundu ya kuchomeka waya) 48 za swichi zikijaa, basi. Na siku ya kusasisha programu ya swichi moja, mwenzake anabeba mzigo wote peke yake. Hapo ndipo utajua kama kila seva kweli ilikuwa na waya wa pili.

Kwa seva 20 mimi nakunja bila kusita.