Windows 11 imekataa programu yako ya hesabu: ununue nini, na kwa mpangilio upi

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo ofisi nyingi ndogo zimehamia Windows 11 huku vitabu vyao vya hesabu vikiwa kwenye programu zilizoandikwa enzi za DOS, Windows 98 au XP. Programu inakataa kufunguka, na mwenye ofisi anakimbilia kununua nyingine. Hapo ndipo pesa huliwa bure, maana programu mpya mara nyingi haisomi data ya ile ya zamani, na sheria za kodi za Kenya na Tanzania zinamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Tumepanga chaguo sita zilizo hapa chini kwa kipimo kimoja tu: mkaguzi akija na kuomba ankara ya miaka mitatu nyuma, utaitoa?

Kabla ya kutoa hata shilingi, jua programu imekufa kwa sababu gani.

Kama ni ya biti 16 (za DOS zilizotengenezwa kwa Clipper au FoxPro ya zamani, na za Windows 3.1), haitafunguka kamwe moja kwa moja. Windows 11 ipo ya biti 64 pekee, na Windows ya biti 64 haina kile kipande kiitwacho NTVDM kinachoendesha programu za biti 16. Hakuna fundi wa kukirudisha kwa kubofya mipangilio ya upatanifu, hivyo usimlipe anayeahidi hivyo.

Kama ni ya biti 32, kwa kawaida inaweza kupona bila gharama. Mara nyingi kinachokosekana ni .NET Framework 3.5. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika optionalfeatures, weka tiki kwenye .NET Framework 3.5, washa upya kompyuta. Matoleo ya zamani ya QuickBooks yana tatizo la ziada: kutengeneza PDF kunategemea Microsoft XPS Document Writer, kwa hiyo angalia kama printa hiyo ipo kwenye orodha ya printa zako.

Ipo pia hali ya tatu inayowatisha watu bure: programu inafunguka, lakini vitabu ni vitupu. Programu za zamani zilizoea kuandika data ndani ya Program Files. Windows, kwa usalama, huielekeza data hiyo kimyakimya kwenye folda ya mtumiaji: AppData\Local\VirtualStore\Program Files, au Program Files (x86) kwenye Windows ya biti 64. Ukiingia kwa akaunti mpya ya mtumiaji huioni, ingawa ipo palepale kwenye folda ya akaunti ya zamani. Itafute huko kabla hujalia.

Na kama umepandisha Windows juu ya ile iliyokuwepo, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery. Unaweza kuzirefusha hadi siku 60 zikiwa hazijaisha: fungua Terminal kama msimamizi, andika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Lakini aliyekuwa na Windows 10 ya biti 32 hana njia hiyo, kwa sababu kutoka biti 32 kwenda 64 ni lazima kusakinisha upya. Huyu aangalie kama kuna folda ya C:\Windows.old na aihamishe leo hii kwenye diski ya nje, kwani Windows huifuta yenyewe baada ya siku chache.

Nafasi ya 1: kompyuta pepe ndani ya kompyuta mpya

Hili ndilo chaguo bora kwa karibu kila mtu. Unasakinisha VirtualBox, ambayo ni ya bure, kisha ndani yake unaendesha Windows ya zamani pamoja na programu yako, kama kompyuta nyingine iliyomo kwenye dirisha. Fedha utakayotoa ni ya vifaa: kompyuta iwe na RAM ya GB 8 au zaidi, diski ya SSD, na VT-x au AMD-V (uwezo wa prosesa kuendesha kompyuta pepe) uwe umewashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kompyuta pepe isipowaka kabisa, hapo kwenye BIOS ndipo pa kuanzia.

Ikiwa kompyuta ya zamani bado inawaka, usianze kusakinisha moja moja. Tumia Disk2vhd, programu ndogo ya bure ya Microsoft yenyewe, inayoigeuza diski nzima kuwa faili moja la VHD. Hifadhi faili hilo kwenye diski ya nje, si kwenye diski ileile unayoinakili. Kwenye VirtualBox tengeneza mashine mpya, ipe RAM ya GB 2, chagua faili lile kama diski, na uache EFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta) ikiwa imezimwa, maana kompyuta nyingi za biti 32 ziliwaka kwa BIOS ya kawaida. Ikitoka skrini ya bluu mwanzoni, badilisha kidhibiti cha diski kutoka SATA kwenda IDE. Kwenye Windows 10 ya biti 32, NTVDM huwashwa kwa kutumia optionalfeatures ileile, chini ya Legacy Components.

Mambo matatu hukwamisha hapa. Windows itadai iamilishwe upya kwa kuwa inajiona kwenye mashine ngeni. Leseni iliyonunuliwa peke yake dukani inahamishika, ile iliyokuja na kompyuta haihamishiki. Programu inayodai ufunguo wa USB itahitaji kifaa hicho kiunganishwe kupitia menyu ya USB ya VirtualBox. Na kuhusu Extension Pack, kifurushi cha nyongeza cha VirtualBox: usiisakinishe ofisini bila kusoma leseni yake, kwani matumizi ya biashara hulipiwa, na tangu toleo la 7.0 USB 2 na 3 hufanya kazi bila hiyo.

Mwisho, kata mtandao wa kompyuta pepe kabisa. Windows isiyopata viraka (marekebisho ya usalama) haina kazi kwenye intaneti.

Wenye programu za DOS tupu wana njia nyepesi zaidi: DOSBox-X, programu inayoiga kompyuta ya DOS. Usichukue DOSBox ya kawaida, hiyo watengenezaji wake waliikusudia michezo. Programu ya Clipper ikianguka kwa kosa la R6003, sababu ni kwamba inapima kasi ya kompyuta inapowaka na kasi ya leo inaivuruga hesabu. Punguza thamani ya cycles, yaani kasi inayoigwa, kwenye mipangilio ya DOSBox-X. Ili ichapishe kwenye printa ya USB, kwenye faili la mipangilio weka parallel1=printer na printoutput=printer.

Nafasi ya 2: toleo jipya la programu ileile

Kama kampuni bado ipo na inapokea data yako ya zamani, hapa kuna thamani. TallyPrime ni mfano mzuri: ilitoka 2020 ikichukua nafasi ya Tally.ERP 9, na data ya ERP 9 huhamia ndani yake. Ila leseni ya Tally imefungwa kwenye kompyuta moja, kwa hiyo irudishe kwa kuisalimisha kwenye kompyuta ya zamani kabla hujaiformati.

QuickBooks Desktop ni hadithi tofauti. Huko Marekani, Intuit iliacha kuuza usajili mpya wa Pro Plus na Premier Plus baada ya tarehe 30 Septemba 2024. Kununua kopi yake kwa wachuuzi leo ni kununua barabara isiyo na mbele. Tena, toleo jipya likishafungua faili la QBW (faili la data la QuickBooks), toleo la zamani haliwezi kulifungua tena. Fanya kazi kwenye nakala, kila mara.

Nafasi ya 3: huduma ya mtandaoni

QuickBooks Online, Zoho Books na nyinginezo hazitakufa kwa sababu ya Windows, na hilo ni jema. Udhaifu wake ni ada ya kila mwezi isiyokoma na kutegemea intaneti. Muulize muuzaji maswali mawili kabla ya kulipa: inaunganishwa na eTIMS ya KRA (Kenya) au VFD ya TRA (Tanzania), mifumo ya mamlaka za kodi ya kutolea ankara na risiti? Na nikiacha kulipa, nitaitoa leja nzima kwa namna gani? Asipoonyesha kwa vitendo, tafuta mwingine. Kwa vitabu vya nyuma bado utahitaji nafasi ya 1.

Nafasi ya 4: GnuCash

Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, inapokea faili za data za aina ya QIF, OFX na CSV. Inamfaa mtu anayeelewa debiti na krediti, kikundi kidogo au duka la mtu mmoja. Haifai wahasibu wawili kuandika kwa wakati mmoja. Data ya Clipper au FoxPro iliyo kwenye faili za DBF hufunguliwa na LibreOffice Calc, ukahifadhi kama CSV. Hakikisha faili za DBT au FPT ziko folda moja na DBF, la sivyo maelezo marefu yatapotea.

Nafasi ya 5: kununua muda

Viraka vya ziada vya Windows 10 kwa mtu binafsi vinafika 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bure ukisawazisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft. Biashara hulipa dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, na bei huongezeka mara mbili kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 3. Inafaa kwa anayetaka kumaliza mwaka wa fedha kwa utulivu, basi.

Nafasi ya 6: laptopu ya mtumba yenye Windows ya zamani

Inafanya kazi mpaka diski ife. Ukiichukua, badilisha diski kuwa SSD, usiiunganishe na mtandao, na utengeneze ile nakala ya Disk2vhd wiki hiyohiyo.

Diski na flashi za programu zilizovunjwa leseni hazimo kwenye orodha. Unaweka mishahara na madeni ya watu mikononi mwa mtu usiyemjua.

Chochote utakachochagua, hama siku ya kwanza ya mwaka wa fedha. Chapisha kwa PDF urari, mizania, leja nzima, na orodha ya wadaiwa na wadai, jina kwa jina. Ingiza kwenye programu mpya salio za mwanzo tu, usijaribu kuhamisha kila muamala. Toa urari mpya uulinganishe na wa zamani. Ukizidi au kupungua, anza kukagua wadaiwa waliolipa malipo ya awali: salio zao huwa upande wa krediti, na ni rahisi kuziingiza kama debiti.