Nimejaribu E10, super, dawa ya chupa na mpira wa R9 kwenye Morris Minor ya 1967

Jumamosi moja ya Mei 2023 nilifungua swichi ya Morris Minor yangu na pampu ikakataa kunyamaza. Wenye gari hizi mnajua. Pampu ya petroli, ya aina ya SU, imefungwa chini ya boneti, na ukifungua swichi inapiga tik-tik-tik mara nne au tano, ikishajaza kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inatulia. Siku hiyo iliendelea kupiga bila kikomo, na kabla sijashika boneti harufu ya petroli ilishafika mlangoni kwa jirani.

Mpira wa mafuta kati ya pampu na kabureta ulikuwa umepasuka vijistari vidogo, kama midomo ya mtu wakati wa baridi, na petroli inachuruzika juu ya manifoldi ya ekzosi. Kwenye injini hii kabureta na ekzosi viko upande mmoja, kabureta juu, ekzosi chini. Injini ilikuwa baridi. Nilizima swichi, nikakaa kwenye ngazi ya mlango kwa dakika kumi nzima, miguu haina nguvu.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mpira wenyewe haukuwa mzee. Ulikuwa na miezi kumi na minne. Niliununua mtandaoni Machi 2022, umechapwa ubavuni R9, yaani mpira unaostahimili petroli yenye ethanoli (spiriti), nikautoa ule wa zamani uliokuwa umefanya kazi miaka mingi bila lawama. Muuzaji simtaji. Ila kwa ajili yake nimeona niandike tathmini ya vitu vyote nilivyovitolea pesa tangu petroli ya Uingereza ibadilishwe, maana kila mara kuna mtu wa kwetu aliyenunua gari la zamani huku ananiuliza atie nini.

Mimi ni muuguzi hapa Leicester, lakini kabla ya uuguzi nilikuwa mshika tochi. Baba yangu alikuwa fundi wa magari huko Grogan, mtaa wa magereji Nairobi, na shule zikifungwa kazi yangu ilikuwa kummulikia uvunguni na kukumbuka kila nati imetoka wapi. Kisha nilipofika huku nikasikia kwamba zamani wauguzi waliokuwa wakizunguka kutibu wagonjwa majumbani waliendesha Minor. Hapo sikujizuia tena. Langu ni la kijivu, injini ya cc 1098, kabureta moja ya SU, tangi la galoni sita na nusu ambazo ni kama lita 30. Nililinunua 2016 kwa mwenzangu wa kazini aliyekuwa anastaafu.

Tuanze na petroli yenyewe. Tarehe 1 Septemba 2021 petroli ya kawaida ya oktani 95 hapa ikawa E10, ethanoli hadi asilimia 10. Kabla ya hapo ilikuwa E5, ethanoli hadi asilimia 5. Ireland ya Kaskazini wakafuata Novemba 2022. Serikali ilisema itapunguza hewa ya ukaa tani 750,000 kwa mwaka, na kwa hilo sina ugomvi. Gari zote zilizoundwa kuanzia 2011 zinaikubali, na nyingi za kabla ya hapo pia. Toyota yangu ya kwendea kazini inainywa na haijawahi kulalamika.

Nilipompigia Baba kumweleza, alicheka. “Mama, hiyo mbona tulishaiona? Si gasohol hiyo?” Miaka ya 1980 Kenya ilichanganya petroli na spiriti iliyopikwa kwa molasi ya miwa kule Muhoroni. Yeye aliiita petroli iliyolewa. Anasema wateja walikuwa wakija na kabureta zimejaa tope la kahawia, wanawatukana wenye vituo kwamba wameuziwa petroli chafu, kumbe ethanoli ilikuwa inaosha uchafu wa miaka kumi uliolala kwenye matangi yao na kuuleta wote kwenye jeti, yaani kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta. “Ukiianza, weka filta mpya, halafu baada ya wiki mbili weka nyingine.” Nilimsikiliza. Filta ya kwanza ilitoka kama chujio la chai.

Nikaijaribu E10 makusudi, matangi matatu, kiangazi cha 2022. Jambo la kwanza nililoona lilikuwa kwenye plagi. Zilizokuwa rangi ya biskuti zikaanza kuwa nyeupe kama chaki. Ethanoli ina oksijeni ndani yake: petroli tupu inahitaji hewa kama sehemu 14.7 kwa sehemu moja ya mafuta, ethanoli inahitaji 9 tu. Gari la kisasa lina sensa ya kulijua hilo na kujirekebisha. Kabureta ya SU haina habari, inaendelea kupima vilevile ilivyopimiwa, na injini inabaki na mafuta haba, inachoma kwa joto zaidi. Dawa yake haina gharama. Nilishusha nati ya jeti iliyo chini ya kabureta pande mbili za nati, mafuta yakaongezeka, basi, rangi ikarudi na gari likaacha kusitasita nikikanyaga mafuta.

La pili ni joto. Tarehe 19 Julai 2022, siku Uingereza ilipovuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, nilisimama dukani kununua maji, nikarudi, gari halikuwaka. Mchanganyiko wa ethanoli hugeuka mvuke upesi zaidi, na kabureta yangu imekalia ekzosi kama sufuria juu ya jiko. Pampu inasukuma povu. Nilifungua boneti nikamwagia pampu maji yale niliyoyanunua, nikangoja nusu saa. Kwa haki, siku ile hata petroli tupu huenda ingechemka. Lakini wiki mbili baadaye, nyuzi 27 tu, likanifanyia tena.

Ulaji wa mafuta uliongezeka kidogo mno, si wa kumkosesha mtu usingizi. Ethanoli ina takriban theluthi mbili ya nguvu ya petroli, kwa hiyo asilimia 10 yake haiwezi kukufilisi.

Kilichoniondoa kwenye E10 ni maji. Ethanoli inanyonya unyevu wa hewani, na tangi la gari la zamani linapumua hewa ya nje moja kwa moja. Gari langu linalala kuanzia Oktoba mpaka Machi. Maji yakizidi kiasi, karibu nusu asilimia hivi, ethanoli inajitenga na petroli, inashuka chini na maji yake, na huko chini ndiko paipu inakovutia. Unachopeleka kwenye kabureta hapo si petroli tena. Na yakikaa, yanakula chuma cha tangi, zinki na alumini ya kabureta. Nimefungua kibakuli cha kabureta ya jamaa mmoja aliyeacha E10 ndani majira mawili ya baridi. Mlikuwa na unga mweupe kama magadi.

Ukitaka kujua unachouziwa, kuna kipimo rahisi ambacho muuguzi yeyote atakipenda. Chukua silinda ya kioo yenye alama, tia mililita 10 za maji, ongeza mililita 90 za petroli, ziba, tikisa, acha itulie. Ethanoli inaiacha petroli na kufuata maji, kwa hiyo mstari wa maji unapanda. Fanya nje, mbali na moto, na glavu mkononi. E10 ya kituo cha karibu na kwangu ilipandisha mstari mpaka 18. Ile super ilifika 14. Mume wangu aliniona uani nikiikagua kwenye mwanga akaniuliza kama mgonjwa ni mimi au gari.

Hiyo super ndiyo petroli ninayotumia sasa. Ni ya oktani 97 au zaidi na ndiyo iliyobaki na alama ya E5. Kwangu imekuwa ghali kuliko ya kawaida kwa kama peni 12 kwa lita, na wengi ndipo wanapolalamika. Mimi nilipiga hesabu. Natembea maili 1,200 kwa mwaka, ambazo kwa gari hili ni lita 150 hivi. Pauni 18. Kwa mwaka! Mtu anayelipulizia gari rangi ya maelfu kisha anabana pauni 18 za mafuta, sijui tumwiteje. Gari linawaka likiwa moto, plagi zina rangi yake, harufu imepungua. Kasoro yake ni kwamba vituo vidogo vya vijijini havinayo, na E5 bado ina ethanoli. Tatizo umelipunguza, hujaliondoa. Naipa nane kwa kumi.

Sasa mpira. Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo roho ya mtu ilipo.

Ule wa uongo niliukata kwa kisu siku ileile. Ndani hadi nje ni mpira mmoja mweusi, na uzi kidogo katikati. R9 ya kweli ina tabaka: ndani kabisa kuna ngozi nyembamba ya mpira wenye florini, uleule unaouzwa kwa jina la Viton, ambao ethanoli haiulainishi, juu yake mpira wa kawaida, kisha wavu wa nyuzi, kisha ganda la nje. Ukiukata unaona mstari wa ile ngozi ya ndani. Maandishi ubavuni yawe kamili, SAE J30 R9, na jina la kiwanda, na ikiwezekana tarehe. Wangu wa uongo uliandikwa R9 tu, kama mtu anayejiita daktari bila kusema wa nini. Bei nayo ingenishtua: nilinunua mita mbili kwa pauni 7. Wa kweli nimeupata kwa fundi wa kabureta mjini, mzee anayeuza kwa kukata kwenye roli mbele yako, pauni 12 kwa mita. Gari langu lilihitaji chini ya mita moja.

Tangu siku hiyo natumia mpira huo na kila baada ya miezi mitatu naukunja kwa vidole na kuuangalia kwa tochi. Hauna ufa, hauna jasho la petroli kwenye klipu. Klipu zenyewe nunua zile za kubana mzunguko mzima, zisizo na meno yanayokata mpira. Kumi kwa kumi, na kama una pauni 20 tu za kulilinda gari lako, ziishie hapo kabla ya kitu kingine chochote. Zaidi ya hayo, gari lililovuka miaka 40 hapa Uingereza, mradi halijabadilishwa sana, limesamehewa ukaguzi wa kila mwaka wa MOT tangu Mei 2018. Tulishangilia. Lakini maana yake hakuna mkaguzi atakayeona mpira uliopasuka. Utauona wewe, au atauona zimamoto.

Dawa ya chupa: pauni 13, inatibu lita 250. Shirikisho la vilabu vya magari ya kale la Uingereza, FBHVC, lilipimisha dawa za namna hii na kuziidhinisha baadhi, na ukisoma vizuri idhini hiyo utaona inahusu kutu ya chuma tu. Haizuii mpira kulainika, wala hairudishi maji yaliyojitenga. Muuzaji mmoja aliniambia kwa mdomo wake kwamba nikitumia chupa sihitaji kubadili mipira. Nilimwangalia tu. Mimi natia kipimo kimoja mwezi wa Oktoba kabla ya kulifunika gari, juu ya super, tangi likiwa limejaa ili hewa isipate nafasi. Majira mawili sasa, kibakuli cha kabureta kimetoka safi. Sita kwa kumi, kwa kazi hiyo moja.

Sindano ya floti, ile inayozuia petroli kibakuli cha kabureta kikijaa, nilibadilisha pia, yenye ncha ya Viton, pauni chache. Sina la kusema zaidi, inafanya kazi. Wenye pikipiki za zamani zenye tangi la faibaglasi, ninyi mna msiba wa peke yenu: ethanoli inaweza kuilainisha resini ya tangi lenyewe, na hapo hakuna mpira wala chupa ya kuwaokoa. Ulizeni fundi wa matangi kabla ya kujaza.

Baba naye anataka ripoti kila nikimpigia. Safari ya mwisho nilimwekea simu kwenye boneti nikafungua swichi. Tik-tik-tik-tik. Kimya. “Haya,” akasema, “sasa niambie kwenye buti kunanuka nini.” Sikuwa nimemwambia, lakini ni kweli, nikijaza mpaka juu buti linanuka petroli kwa siku moja. Anashuku gasketi ya gegi ya mafuta juu ya tangi, ambayo kwangu bado ni ile ya gome laini kama la vizibo vya chupa. Mpya ninayo kabatini. Nangoja tangi lishuke chini ya nusu ndipo nilifungue, na kwa jinsi mvua inavyonyesha hapa Leicester sioni nikizimaliza lita hizi kabla ya mwisho wa mwezi.