Begi la lita 40 baada ya miezi mitatu mgongoni

Nianze na lililoniudhi, maana ndilo la kujua kabla hujatoa hela. Begi hili likiwa tupu, bila hata soksi ndani, lina kilo 1.6. Nililipima mara mbili nikidhani mizani inanionea. Mashirika mengi ya ndege yanakuruhusu kuingia na kilo 7 tu, kwa hiyo karibu robo ya ruhusa yako imeshaliwa na begi lenyewe.

Hata hivyo safari ijayo nalibeba tena, kwa sababu ya mkanda wa kiunoni. Ni mpana kama kiganja, umejazwa sponji ngumu isiyobonyea hovyo. Ukiufunga juu kidogo ya mfupa wa nyonga, ukaukaza, kisha ukailegeza mikanda ya mabegani, unausikia mzigo unateremka kutoka mabegani na kukaa kiunoni. Begi langu la zamani halikuwa na kitu hicho. Nusu saa tu, shingo ilikuwa inawaka moto. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangu, kwa miezi mitatu, ulikaribia kuwa hivyo.

Ndani niliweka fulana nne, suruali moja (ya pili nimeivaa), chupi tano, soksi jozi nne, sweta, koti la mvua, kandambili, taulo jembamba, kompyuta ndogo na nyaya zake. Suruali ya jinzi niliifungasha, nikaitoa, nikairudisha, nikaitoa tena usiku wa kuamkia safari. Sikuikumbuka hata siku moja. Fulana mbili zilikuwa za sufu ya kondoo wa merino, na nilichekwa sana: sufu kwenye joto? Lakini unaivaa siku tatu na haijaanza kunuka, wakati ya pamba jioni ya kwanza tu inaomba maji, na ikishalowa haikauki upesi. Nilizifua usiku kwenye sinki, nikazikamua, nikazifunga ndani ya taulo kavu kama mkeka na kulikanyaga kwa miguu mpaka taulo linyonye maji. Asubuhi navaa.

Begi linafunguka lote kama sanduku, zipu ikizunguka pande tatu. Ukizoea mabegi ya kufungukia juu, ambayo unachokitaka siku zote kiko chini kabisa, hii ni raha. Mfuko wa kompyuta uko upande wa mgongo, na ndipo kitu kizito kinapotakiwa kukaa. Kikiwa mbali na mgongo kinakuvuta nyuma. Mfuko mdogo wa juu unatosha ule wa plastiki angavu wa lita moja wenye vichupa visivyozidi mililita 100. Unauchomoa kwenye ukaguzi bila kugusa kingine.

Ila raha ya sanduku ina siku yake. Ndege moja ilijaa, tukaambiwa mlangoni kwamba mabegi yetu yanakwenda chini kwenye mizigo. Pawabenki haziruhusiwi huko kwa sababu ya betri za lithiamu, lazima ubaki nayo. Yangu nilikuwa nimeizika chini ya kila kitu. Nikapiga magoti, nikafungua zipu, na foleni nzima ikapata kuzijua chupi zangu moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo pawabenki inakaa mfuko wa juu.

Zipu yenyewe ilinisaliti wiki ya tisa: kishikio kinapita, meno yanabaki wazi nyuma yake. Niliazima koleo, nikakibana kishikio pembeni, kidogo kidogo, huku na huku, kikakamata tena mpaka leo. Kwa begi la bei hii sikutegemea kuazima koleo.

Mfuko wa chupa ya maji sina la kuusifia. Begi likijaa unabanwa na vilivyo ndani, na ukiinama chupa inaruka. Mvua nayo: kitambaa kinahimili manyunyu, lakini mvua ya kweli inapenya kwenye mshono wa zipu, na mfuniko wa mvua hawakuuweka. Nilitandika mfuko mkubwa wa takataka ndani, nguo zikakaa humo. Haupendezi, lakini sikulala na sweta bichi.

Na aliyechagua kitambaa cha ndani kiwe cheusi nadhani hajawahi kutafuta kitu alfajiri taa zikiwa zimezimwa, wenzake wamelala. Soksi yangu moja nyeusi ilipotea wiki ya pili. Niliitafuta mji hadi mji, nikamwaga kila kitu kitandani mara tatu, nikamshuku hata mtu wa kitanda cha juu. Niliporudi nyumbani na kuligeuza begi ndani nje ili nilifue, ikadondoka kutoka mfuko wa kompyuta, imekunjwa vizuri kama nilivyoiweka.