Gongo la mtumba la kaboni nusu: linamfaa anayerudi uwanjani na klabu mpya?

Mchezaji wa mpira wa magongo (hoki ya nyasi) akihama klabu baada ya mwaka mbaya, uwe wa pombe, wa msiba au wa sonona iliyomfungia nyumbani, mara nyingi hufika kwa wenzake wapya mikono mitupu. Gongo alilozoea lilikuwa mali ya klabu ya zamani na lilibaki stoo pamoja na jezi. Kocha mpya anamtaka uwanja wa City Park, Nairobi, Jumamosi asubuhi. Akiuliza anunue nini, wengi watamwonyesha lile jeusi la kaboni asilimia 90, eti ndilo la wakubwa. Kwa mtu wa hali hiyo, ndilo baya kuliko yote.

Tunalolikagua hapa ni la mtumba, inchi 36.5, kaboni asilimia 40 hadi 60, upinde (mbinuko wa mpini) wa katikati, kichwa cha midi, yaani chenye mkunjo wa urefu wa wastani. Hatuzungumzii chapa moja, kwa sababu sokoni huchagui chapa, unachagua kilichokuja na mzigo. (Ndugu wa Tanzania, gongo hili halinywewi. Na kama umetoka juzi tu kwenye lile linalonyweka, utuwie radhi.)

Gongo la kisasa ni tabaka za nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi ya epoksi: kaboni, nyuzi za kioo, na aramidi kidogo. Kaboni ni kavu, hainyumbuki. Ukipiga, nguvu inaenda yote kwenye mpira. Ukipokea pasi, nguvu inarudi yote, na mpira wa gramu 156 hadi 163 unakuruka nusu mita mbele ambako beki anausubiri. Nyuzi za kioo hunyumbuka na kumeza kishindo. Sasa, aliyekaa nje miezi minane hana shida kubwa ya kupiga, hiyo hurudi mapema. Kinachochelewa ni mkono wa kulia, ule wa chini, kulegea kwa wakati mpira unapogusa gongo. Gongo la kaboni nusu humsamehe hapo. Mpira unakufa karibu na mguu hata kama mkono ulikaza kidogo.

Namba ya asilimia iliyochapwa kwenye gongo ipokee kama dokezo tu. Kanuni za FIH, shirikisho la kimataifa la hoki, hazigusi kaboni. Zinabana urefu usizidi sentimita 105, uzito usizidi gramu 737, upinde usizidi milimita 25, na gongo lote lipite kwenye pete yenye upana wa ndani wa milimita 51.

Uzuri wa mtumba ni bei. Ubaya wake ni kwamba gongo la epoksi huoza kwa ndani huku rangi ikiendelea kumeremeta, kwa hiyo usilipe kabla ya kufanya yafuatayo, palepale kibandani, muuzaji anune asinune.

Toa sarafu ya shilingi kumi. Shika gongo kwa vidole viwili karibu na mwisho wa mpini, liache lining'inie, kisha ugonge kuanzia kichwani ukipanda, sentimita mbili mbili, uso bapa kwanza halafu mgongo. Sauti inatakiwa iwe kali na ifanane, ikibadilika polepole unavyopanda. Ukifika mahali ikafanya "dup" badala ya "ti", tabaka zimeachana hapo. Sehemu ya kutilia shaka zaidi ni shingo, pale kichwa kinapoanza kujikunja, na sentimita 20 hadi 30 juu yake, ambako magongo hukutana wakati wa kunyang'anyana mpira.

Pili, soksi nyembamba ya nailoni. Ivishe mkononi na upapase gongo lote. Popote inaponasa kuna uzi uliochomoza. Uzi mmoja kisiginoni si kitu. Mstari unaonasa kwa kukingama mpini ni ufa, na ufa huo hautibiki hata muuzaji akiapa kwamba ni mkwaruzo wa rangi.

Tatu, simamisha kichwa sakafuni, uso bapa ukiangalia juu, na ukandamize katikati ya mpini kwa kiganja, kiasi tu. Weka sikio karibu. Mlio kama wa karatasi ya krispi ni epoksi iliyopasuka. Ukimya ni dalili njema. Usiweke goti, maana ukilivunja utalilipia.

Nne, litikise. Mpini una uwazi ndani na viwanda vingine hujaza povu. Kikilia kitu ndani, povu limebomoka. Gongo litacheza, ila mtikisiko utakupanda hadi kwenye kiwiko, na baada ya mazoezi matatu utadhani umezeeka.

Mwisho, angalia chini ya kichwa. Magongo mengi yaliyopita shuleni yamesagwa na murram hadi weupe wa nyuzi za kioo unaonekana. Weupe wenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba unatengenezeka. Ukizidi hapo, mpira ukipigwa chinichini utaruka vibaya, na mwamuzi akipitisha kidole pembeni akakuta panakwaruza, atakutoa ukabadilishe.

Urefu ni jambo la dakika moja: simamisha gongo kando ya mguu, mwisho wa mpini uguse mfupa wa nyonga. Wengi wa futi tano na nusu hadi sita huangukia 36.5. Anayezidi hapo ajaribu 37.5.

Upinde ndio unaowachanganya watu. Upinde wa chini, ule ambao sehemu iliyobinuka zaidi iko karibu na kichwa, ulibuniwa kwa ajili ya kuburuta na kufyatua kwenye kona fupi (kona ya adhabu) na kwa mipira ya juu. Kanuni inataka kilele cha upinde kisiwe chini ya milimita 200 kutoka chini kabisa ya kichwa, na magongo hayo hukaa karibu na mpaka huo. Mchezaji mgeni klabuni hapewi kona fupi wiki ya kwanza, pana mwenyewe. Atapewa nafasi ya kiungo au beki wa pembeni, ambako kazi ni kupokea, kugeuka na kusukuma pasi bapa. Kwa upinde wa chini pasi hizo huinuka bila kutaka. Chukua wa katikati.

Kuna jambo moja kwa wanaofuatilia hoki ya barafu. Patrik Laine, Mfini, aliingia kwenye programu ya msaada wa afya ya akili na uraibu kwa wachezaji wa NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, Januari 2024, akatoka Julai, na Agosti akahamishwa kutoka Columbus kwenda Montreal. Septemba akaumia goti kwenye mechi ya maandalizi, na mechi yake ya kwanza ya ligi ikasubiri hadi Desemba 3. Akafunga siku hiyo. Wanaomwiga wasibebe na gongo lake kichwani: kwenye barafu kuna la mkono wa kushoto na la kulia, ila kwenye nyasi uso bapa uko upande wa kushoto tu. Hakuna gongo la mashoto. Akikuuzia mtu la mashoto, amekuuzia kitu cha kutundika ukutani.

Ukishalipata, mambo mawili ya kulirekebisha. Bandua kitambaa cha mpini chote, kwa sababu jasho la mtu mwingine limekauka humo. Futa gundi kwa spiriti na uache pakauke. Kitambaa kipya kianzie juu, ukikivuta kidogo, kila mzunguko ukilalia uliotangulia milimita tatu hadi tano, umalizie kwa utepe wa umeme. Kikilegea baada ya wiki, kosa ni spiriti iliyofungiwa kabla haijakauka. Pale chini paliposagwa, piga msasa namba 240, futa vumbi, paka epoksi ya sehemu mbili kwa kipimo sawa, safu nyembamba kama kucha, subiri saa 24, kisha msasa tena hadi soksi isinase. Wengi hupaka nene ili lidumu, na hapo ndipo gongo linapokataa kupita kwenye pete.

Kasoro zake tuzitaje. Halina nguvu ya mbali: pasi ya kutoka mstari wa mita 23 hadi upande wa pili itahitaji mkono kamili, na mshambulizi anayeishi kwa kupiga mashuti ndani ya duara atalalamika. La mtumba halina dhamana. Na uimara wake unategemea alilitumiaje aliyekuwa nalo, jambo ambalo sarafu na soksi hazikwambii lote. Ndiyo maana bei ya haki ni theluthi ya jipya la aina hiyo, nusu kama sauti ni safi kote na chini hapajasagwa. Zaidi ya nusu, liache.

Kwa kiungo au beki anayerudi, tunalipatia alama nane kwa kumi. Kwa mpiga kona fupi, nne.

Kwa wiki mbili za mwanzo litumie ukutani kabla ya uwanjani: mita nne kutoka ukutani, pasi 100 kwa mkono wa chini uliolegezwa, ukihesabu tu zile ambazo mpira haukudunda zaidi ya urefu wa kiatu. Usiliache kwenye buti ya gari mchana wa Januari. Joto la humo hulainisha epoksi, na gongo lililopita ukaguzi wote wa kibandani linaweza kuanza kusema "dup" shingoni kabla ya mechi ya kwanza.